Spini na momentamu ya mzunguko: kitabu kinene, kitabu chembamba au tuisheni? Nina laki moja na ishirini

Kijana_Majengo (Moshi), Jumapili 20:14
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo kama atomu. Nina laki moja na ishirini, inatosha kitu kimoja tu, na nimeshapata machaguo matatu.

Kuna jamaa Arusha, karibu na Mnara wa Saa, ana vitabu viwili vya mtumba. Kimoja kinene, 90,000. Kinaanza na mawimbi, mlinganyo wa Schrödinger, atomu ya haidrojeni, momentamu ya mzunguko, na spini (momentamu ya mzunguko ambayo chembe kama elektroni inayo yenyewe) iko huko mwishoni. Cha pili chembamba, 60,000. Hicho ukifungua tu unakutana na spini, matriksi (majedwali ya namba) zimejaa. Chaguo la tatu ni kaka mmoja wa Tengeru anayefundisha Jumamosi, 30,000 kwa kipindi, vipindi vinne.

Nataka kuielewa spini yenyewe, nimechoka kukariri. Mngekuwa ninyi mngechukua kipi?

Fundi_Redio_Ngarenaro, 20:31
Mkuu umeuliza nusu. Uko mwaka wa ngapi? Matriksi unazijua? Una mtihani au unasoma kwa mapenzi tu? Na vipindi vinne kwa 30,000 ndiyo laki na ishirini yako yote, nauli ya kutoka Moshi kila Jumamosi umeiweka wapi?

Mama_Fizikia_Sakina, 21:02
Mwanangu, chukua kinene. Nimefundisha fizikia miaka mingi hapa Arusha, na sijaona mwanafunzi aliyeruka momentamu ya obiti (ya kitu kuzunguka kituo) akatulia kwenye spini. Kwenye obiti unaanza na kitu ulichokijua tangu sekondari: umbali kutoka katikati, zidisha momentamu. Ukikiingiza kwenye kwanta unakuta Lx (sehemu ya momentamu kwenye mhimili x) ikitangulia Ly jibu si sawa na Ly ikitangulia Lx, na tofauti yao ni iħLz, ambapo i ni mzizi wa -1 na ħ ni konstanti ya Planck gawa kwa 2π. Ukishalikubali hilo, mengine yote yanalifuata. L mraba inakuwa l(l+1)ħ², l ikiwa namba kamili 0, 1, 2 na kuendelea, na ukipima kwenye mhimili mmoja unapata ngazi za ħ mojamoja kutoka -l hadi +l.

Chukua l = 1. Urefu wa mshale wa momentamu ni 1.41ħ, lakini kwenye mhimili z hupati zaidi ya ħ moja. Maana yake mshale haulali kamwe sawasawa na mhimili. Kaa na jambo hilo siku nzima, ndipo uje kwenye spini.

Mzee_wa_Usa_River, 21:40
Mwalimu, kwa heshima zote, hapo napinga. Kijana anataka spini, mpe chembamba.

Mwaka 1922 kule Frankfurt, wanafizikia Stern na Gerlach walichemsha madini ya fedha kwenye tanuri, wakapitisha mvuke wake kati ya ncha za sumaku yenye nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine, atomu zikatua kwenye kioo. Mwanzoni kioo hakikuonyesha kitu. Stern alisimulia baadaye kwamba siku hizo alivuta sigara za bei rahisi zenye salfa nyingi. Alipokisogelea kioo, pumzi yake ikaigeuza fedha kuwa nyeusi na alama ikajitokeza. Mvuke ulikuwa umegawanyika sehemu mbili.

Sasa hesabu kwa vidole. l ikiwa 0 unapata mstari mmoja, ikiwa 1 mitatu, ikiwa 2 mitano. Obiti siku zote inatoa idadi witiri, na mbili ni shufwa. Ili 2l+1 (idadi ya mistari) iwe mbili lazima l iwe nusu, na obiti haikubali nusu. Wenyewe hawakujua wameigusa spini, walidhani wamepima obiti. Wanafizikia Uhlenbeck na Goudsmit walikuja kuipendekeza mwaka 1925. Mimi hesabu hiyo ya witiri na shufwa ndiyo iliyonifungua macho, wala sikuhitaji kurasa mia tatu za mawimbi.

Binti_Machame, 22:15
Shikamooni wakubwa. Mimi nitasema la tuisheni, maana iliniumiza.

Tulikuwa tisa kwenye chumba nyuma ya duka, ubao mmoja, taa inakatika kila saa moja. Siku ya spini mwalimu alitoa chungwa, akalichoma kijiti cha meno katikati, akalizungusha kwa vidole viwili. Akasema elektroni ni hii, dunia inajizungusha na elektroni inajizungusha. Nikaona nimeelewa. Nilichora lile chungwa kwenye daftari kwa kalamu nyekundu na mshale juu yake, na kila nilipofungua ukurasa ule nilijisikia vizuri.

Mtihani ukaja: atomu imepimwa Sz (spini kwenye mhimili z) ikatoka juu, ikapimwa Sx (kwenye mhimili x), halafu Sz tena, uwezekano wa kutoka juu ni kiasi gani? Kwa akili ya chungwa, kama kijiti kilitazama juu basi bado kinatazama juu, unakitazama tu kwa upande mwingine. Nikaandika asilimia 100. Jibu ni 50, kwa sababu kupima Sx kunafuta kile ulichokijua kuhusu Sz. Swali zima likaenda, na mengine mawili yaliyotegemea hilo. Somo nikalirudia mwaka mzima.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu ambayo mwalimu angetupa siku ya kwanza. Chukua elektroni kama mpira wenye nusu kipenyo cha 2.8×10⁻¹⁵ mita, ulazimishe uwe na momentamu ya ħ/2. Uso wake unatakiwa kukimbia mara 171 hivi ya mwendo wa mwanga. Haiwezekani. Mwanafizikia Kronig alipomweleza mwenzake Pauli wazo la elektroni inayojizungusha mwaka 1925, Pauli alilikataa palepale. Spini ni momentamu ambayo elektroni inayo tu, kama ilivyo na chaji na tungamo, hakuna kinachozunguka ndani yake. Kijana, kabla hujatoa hela, muulize huyo kaka anaanza na chungwa au anaanza na sumaku.

Baiskeli_Kiusa, 22:40
Pole sana dada. Lakini usitupe mzunguko wote kwa sababu ya chungwa moja. Mimi ni fundi baiskeli, kila siku nashika gurudumu la mbele ekseli mikononi, nalizungusha. Ukijaribu kuliinamisha halikutii, linageukia upande mwingine kabisa. Spini ndani ya sumaku hufanya hivyo, inazunguka mhimili badala ya kulala. Na Einstein na de Haas walionyesha mwaka 1915: fimbo ya chuma iliyoning'inia kwenye uzi, ukiigeuza sumaku yake, fimbo inajipinda. Kwa hiyo ni momentamu ya kweli. Sisi utotoni tulicheza pia, ile ya kuzungusha kwa kamba, na nadhani Kiswahili kingeiita spini "upia".

Binti_Machame, 22:52
Kaka, sikusema si ya kweli. Nilisema hakuna kinachozunguka. Ukiiita upia, watoto wote watachora chungwa.

Kijana_Majengo, Jumatatu 06:48
Shikamooni wazee, asanteni sana. Samahani niliacha mengi. Nina sapu (mtihani wa kurudia) ya kwanta, imebaki wiki tano. Matriksi za 2 kwa 2 nazijua vizuri, za 3 kwa 3 nasuasua. Niko nyumbani Moshi, Arusha naweza kwenda mara moja tu kwa wiki. Kwenye mtihani uliopita mawimbi nilipata, nilianguka kwenye kujumlisha obiti na spini.

Fundi_Redio_Ngarenaro, 07:05
Sapu! Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo mkuu. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita kwanza, kopi tu za steshenari, hazifiki elfu tano.

Mama_Fizikia_Sakina, 07:30
Marahaba mwanangu. Kumbe basi umenipa haki. Leo ukipika, nyunyiza chumvi kidogo kwenye moto wa gesi, uone moto unavyogeuka njano. Njano ile ni mistari miwili iliyokaribiana, nanomita 589.0 na 589.6. Elektroni ya nje ya sodiamu, ikiwa kwenye ngazi ya l = 1, spini yake inajumlishwa na obiti kwa namna mbili, jumla yake j = 3/2 au j = 1/2, na nishati zinatofautiana kidogo. Hicho ndicho kilichokuangusha, na kwenye kitabu kisichogusa obiti hutakipata.

Mzee_wa_Usa_River, 08:10
Lakini l kwenye sodiamu anaijua tayari, amesema mawimbi alipata. Anachokosa ni ile nusu. Kijana, chukua kikombe cha chai, kiweke kwenye kiganja kinachotazama juu. Kizungushe bila kumwaga, kipite chini ya kwapa. Mzunguko mmoja umekamilika, kikombe kiko kilivyokuwa, lakini mkono umepinda na kiwiko kinatazama juu. Endelea upande uleule, sasa kipitishe juu ya kichwa. Baada ya mzunguko wa pili mkono umenyooka. Spini nusu ndivyo ilivyo, inarudi mwanzo kwa digrii 720. Mwaka 1975 walilipima hilo kwa nyutroni: mzunguko mmoja, wimbi linageuka alama, chanya kuwa hasi.

Kwanta_Njiro, 09:22
Mnampotosha. Spini inatokana na mlinganyo wa mwanafizikia Dirac, 1928. Bila relativiti (nadharia ya Einstein ya mwendo ulio karibu na wa mwanga) huielewi, atakariri tu.

Mama_Fizikia_Sakina, 09:40
Si kweli. Mwanafizikia Lévy-Leblond alionyesha mwaka 1967 kwamba mlinganyo usio wa relativiti nao unatoa spini nusu, na hata ile g = 2, namba inayohusisha spini ya elektroni na nguvu yake ya sumaku. Dirac aliutoa kwa uzuri sana, lakini usimfungie mtoto mlango wa sapu kwa ajili yake.

Kwanta_Njiro, 09:47
Mwalimu, hiyo ya 1967 imejengwa kwa kumfuata Dirac. Asingekuwepo yeye nani angefikiria kuuandika hivyo?

Picha_za_Hospitali, 12:03
Mimi ni wa chumba cha picha hospitalini, spini ndiyo inayonilisha. Mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, inatumia spini ya protoni za maji mwilini. Kwenye sumaku ya tesla 1.5 zinaitikia mawimbi ya redio ya megahezi 64 hivi, chini kidogo ya redio za FM. Wagonjwa wengi wanaogopa mionzi, wakati MRI haina mionzi ya eksirei kabisa.

Baiskeli_Kiusa, 12:20
Ndugu, mama yangu ana chuma mguuni tangu ajali. Anaweza kuingia kwenye hiyo mashine?

Picha_za_Hospitali, 12:41
Inategemea ni chuma cha aina gani. Vingine havina shida, vingine ni hatari. Waambie kabla hajaingia chumbani, na mwende na karatasi za upasuaji.

Kijana_Majengo, 18:55
Nimejaribu kikombe, mara mbili nimemwaga, ya tatu kimetimia. Jumamosi nakwenda Arusha kuvishika vyote viwili. Bado moyo umegawanyika.

Binti_Machame, 19:10
Kabla hujalipa hesabu kurasa, hasa za sura ya kujumlisha momentamu, hizo huwa zinachanwa. Na kile utakachokiacha mwambie jamaa asikiuze, nakitaka mimi.