Shampeni yenye mwaka kwenye lebo ina tofauti gani na isiyo na mwaka?

Sululu_J
Habari zenu wakuu. Nimepewa zawadi chupa ya shampeni ya Ufaransa, kwenye lebo wameandika 2008. Nikaangalia chupa zingine za kampuni hiyohiyo nikakuta nyingi hazina mwaka kabisa. Sasa hivi hizo zisizo na mwaka ndo zina kasoro au hii yangu ndo ina jambo? Na kwa umri huo kinywaji bado kizima kweli? Mi kwenye mvinyo bado mgeni so naomba mnieleweshe taratibu.

Kizibo
Karibu mkuu. Zisizo na mwaka hazina kasoro yoyote, ndo shampeni ya kawaida na ndo nyingi kuliko zote. Chanzo cha yote ni hali ya hewa. Champagne iko kaskazini mashariki mwa Ufaransa, huko kwenye miji ya Reims na Épernay, ni baridi, mwaka mmoja barafu inaunguza machipukizi ya mizabibu, mwaka mwingine mvua inashuka wakati wa kuvuna, unaofuata zabibu zinagoma kuiva, kwahiyo toka zamani wakazoea kutunza mvinyo wa miaka iliyopita kama akiba halafu wanauchanganya na wa mwaka huu ili mnywaji akute ladha ileile kila akinunua. Sasa mchanganyiko wa miaka mitatu minne utauandikia mwaka gani?

Mwaka unaandikwa pale tu mavuno yamekuwa mazuri kiasi cha kusimama yenyewe bila kuegemea akiba. Na sheria yao inabana hapo, zabibu zote asilimia 100 ziwe za mwaka huo, na chupa ikae miaka 3 kwa uchache kabla ya kuuzwa, wakati ile ya kawaida miezi 15 inatosha. Tena mavuno yote hawaruhusiwi kuyafanya shampeni ya mwaka, mwisho ni asilimia 80, ili akiba isikauke. Mi hicho kipengele nakikubali sana, hata mwaka ukiwa mzuri vipi lazima ukumbuke miaka mibaya inayokuja.

2008 yako ni katika miaka inayosifiwa mno. Kiangazi kilikuwa cha ubaridi, zabibu zikaiva polepole, asidi ikabaki juu, na asidi ndo inayoishikilia shampeni isizeeke haraka.

Bi_Mashapo
Kizibo kamaliza upande wa sheria ila niongeze kidogo, maana uzuri wenyewe wa hizi chupa uko kwenye ule muda zinaolala. Mvinyo ukishatengenezwa wanautia kwenye chupa na sukari kidogo na hamira, wanafunga, unachachuka mara ya pili humohumo ndani. Gesi haina pa kutokea ndo yanakuja mapovu. Presha inafika kama mara 6 ya presha ya hewa ya kawaida, ndo maana chupa zake nene na kizibo kimefungwa waya. Hamira ikishamaliza kazi inakufa inakuwa mashapo, na mvinyo ukiendelea kukaa na yale mashapo miaka na miaka unapata harufu ya mkate uliookwa, ya karanga, na mapovu yanakuwa laini. Kampuni nyingi kubwa haziishii kwenye ile miaka 3 ya sheria, zinaacha 6, 8 au zaidi, chini kwenye mahandaki ya chaki ya Reims ambako baridi haibadiliki mwaka mzima.

Kuyatoa mashapo bila kupoteza gesi ilikuwa shida kubwa. Hapo ndo anaingia mjane Barbe-Nicole Ponsardin, Madame Clicquot, alifiwa na mumewe 1805 akiwa na miaka 27 akashika kampuni mwenyewe. Kwenye karakana yake mwaka 1816 ikaanza kazi ya meza yenye matundu, chupa zinachomekwa kichwa chini zinazungushwa kidogokidogo mpaka uchafu wote unashukia shingoni. Na shampeni yake ya 1810 ndo inahesabiwa ya kwanza kujulikana kwa kubeba mwaka. Huyu mama apewe heshima yake.

Tabasuri
Lakini si tulifundishwa shampeni aliigundua yule mtawa Dom Pérignon?

Bi_Mashapo
Hapana ndugu yangu, hakuigundua. Alikuwa mtunza mvinyo wa monasteri ya Hautvillers kuanzia 1668 mpaka kifo chake 1715, na sifa yake hasa ni kuchagua na kuchanganya zabibu za mashamba tofauti. Enzi zake mapovu yalionekana dosari maana chupa zilikuwa zinapasuka. Huko Uingereza Christopher Merret alishaandika 1662 kwamba watu wanatia sukari kwenye mvinyo uchemke povu. Ile chupa yenye jina la mtawa ni ya kampuni ya Moët & Chandon, ya kwanza ni ya mavuno ya 1921 ikaingia sokoni 1936, na hiyo haitoki bila mwaka.

Sululu_J
Aisee nimeelewa vizuri sana. Kwahiyo niiweke tu, kadri inavyozeeka inazidi kuwa tamu?

Kizibo
Sio lazima mkuu, na hapa wengi wanapotea. Mashapo yanailinda, yakishatolewa saa inaanza kukimbia. Angalia lebo ya nyuma, kampuni kadhaa zinaandika tarehe ya kutoa mashapo, hiyo inakwambia mengi kuliko hata mwaka wa mavuno. Kama imetunzwa gizani kwenye ubaridi usiobadilika, 2008 bado inanyweka vizuri mno, kama ilikaa kwenye joto au kwenye taa ya kabati hata mi siwezi kukupa matumaini. Kuna chupa zilikutwa 2010 chini ya bahari ya Baltiki karibu na visiwa vya Åland, 168, zingine za Veuve Clicquot, kampuni ya yule mjane, zilikaa huko kama miaka 170 na baadhi bado zilinyweka, sababu ni giza na baridi.

Ushauri wangu ifungue ukiwa na watu unaowapenda. Ipoze nyuzi 10 hivi, isizidi kuwa baridi maana harufu inajificha, tumia glasi ya mvinyo yenye tumbo, zile nyembamba ndefu zinaibana. Shika kizibo zungusha chupa, kitoke kwa kupumua tu.

Sululu_J
Na ikibaki?

Bi_Mashapo
Nunua kifuniko maalum cha shampeni uirudishe kwenye friji, siku mbili haina neno. Ile ya kutia kijiko shingoni haisaidii kitu.