Boti za mwani zimekuja, wanaume nao wamerudi. Tufanyeje?

BintiJambiani:
Asalaam alaykum. Mama yangu ni katika wale walioanza kulima mwani hapa Jambiani, Unguja, mwaka 1989, mbegu zilipoletwa kutoka Ufilipino. Wanaume nao walikuwamo, wakipigilia vigingi na kufunga kamba. Bei ilipodorora wakahamia uvuvini na kwenye mahoteli, kazi ikaitwa ya wanawake.

Sasa kotonii, aina ya mwani yenye bei kuliko aina nyingine tunayolima, spinosamu, inakufa kwa joto kwenye maji mafupi. Tawi linakuwa jeupe, ukilishika linakatika. Tunaambiwa tuhamie maji marefu, na huko kunataka boti na kuogelea. Kikundi chetu kimepata boti. Nahodha ni waume zetu, na mzigo ukifika kwa mnunuzi wao ndio wanaosimama kwenye mizani. Wenzangu, mmefanyaje?

MzeeWaPemba:
Waalaykum salaam, mwanangu. Huku Pemba hoteli ni chache na karafuu ina msimu wake, kwa hiyo wanaume wengi hatukuuacha mwani. Mke na mume wanaingia shamba moja. Msiwafukuze, kamba iliyojaa mwani mbichi ni nzito mno kuipandisha botini. Ila patanani mgao kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna.

UmmuSalma:
Mzee, shikamoo, lakini kwenye mgao ndiko tunakoumia. Anayeshika mizani ndiye anayeshika pesa. Kwetu boti imeandikwa jina la kikundi, na mwanachama mwanamke ndiye anayepima na kuandika daftarini. Kuogelea tumefundishwa na mwanamke mwenzetu, tukiwa na nguo zetu za heshima. Wazee walinung'unika, wakazoea.

BintiJambiani:
Ahsanteni. Mzee, mikono yao naitaka, walipwe ujira wao. Lakini vigingini tulifuata bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali, na maji yakijaa tunarudi kupika na kulea. Boti haingoji maji kutoka. Mwanamke akishindwa kwenda siku mbili, nafasi yake anakaa shemeji, naye haondoki tena. UmmuSalma, kwenye kanuni zenu mmeandika nini kwa aliyejifungua au anayeuguza? Nataka niyapeleke maneno hayo hayo kwenye kikao chetu.

UmmuSalma:
Hisa yake inabaki jina lake. Akimtuma mtu, huyo ni kibarua, analipwa kwa siku na hapigi kura. Nitakuandikia kifungu chote usiku.