Mrejesho: HJ47 imepata gia boksi ya gia tano

Wakuu salama. Niliuliza kuhusu Landkruza HJ47 ya marehemu mzee, gia ya tatu ilikuwa inachomoka yenyewe ukiachia mafuta, nifufue gia boksi yake ya gia nne au nifunge H55F, gia boksi ya Toyota ya gia tano. Nimefunga H55F, asanteni sana mlionishauri.

Kwenye injini ya 2H, dizeli ya gari hili, imekaa bila shida, kazi iko kwenye propela shafti maana H55F ni ndefu kuliko ile ya zamani, ya nyuma inafupishwa ya mbele inaongezwa, na hapo usikubali fundi akate aunge kwa macho, peleka kwenye mashine ya kukereza inyooshwe la sivyo gari itatetemeka na krosi (viungo vya propela shafti) zitakufa mapema. Kabla ya kufunga tuliifungua yote, beringi mpya, ringi za shaba (zinazolainisha kuingia kwa gia) mpya, klachi pleti na presha pleti yake. Oili ya gia boksi weka daraja la GL-4, kuna GL-5 zinakula shaba ya hizo ringi.

Gia ya kwanza uwiano wake ni 4.843, yaani injini inazunguka mara 4.843 shafti inayotoka kwenye gia boksi ikizunguka mara moja, mlima wa Newala na magunia ya korosho inapanda taratibu klachi hainuki. Ya tano 0.845, barabara ya Masasi injini imetulia kabisa.

Bado mauntini (raba ya kushikilia) ya gia boksi, iliyopo imechoka, mwenye nayo Mtwara au Lindi anishtue.