Vitz 1.0, Fit 1.3 au Avensis 2.0 ya bei poa: ipi haitanikausha mfuko?

Mtembezi_07
Wakuu, naombeni ushauri. Nanunua gari iliyotumika, bajeti ndogo. Natembea kama kilomita 15,000 kwa mwaka, nyingi za mjini, na mara mojamoja safari ndefu tukiwa watatu. Zimebaki tatu: Toyota Vitz toleo la kwanza 1.0 otomatiki, Honda Fit toleo la kwanza 1.3 CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia), na Toyota Avensis 2.0 D-4 ya 2004. Cha kushangaza Avensis ndiyo yenye bei ya chini kuliko zote, na ndani imetulia. Ninachoogopa ni gharama baada ya kununua. Nichukue ipi, na nikienda kukagua niangalie nini?

SpanaNo14
Mkuu, Avensis hiyo iko chini kwa sababu wanaoijua wanaikwepa. Anza na mafuta. Chukulia kwa matumizi yako Vitz inakupa kilomita 15 kwa lita, na Avensis 2.0 inakupa 10. Kwa mwaka ni lita 1,000 dhidi ya 1,500. Zidisha hizo 500 kwa bei ya petroli, halafu kwa miaka utakayokaa nayo, ndipo utajua kama punguzo ni punguzo kweli.

Pili ni hiyo D-4 (1AZ-FSE). Inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwenye injini za kawaida petroli inapita juu ya valvu za kuingiza hewa na kuziosha; hapa haipiti, kwa hiyo kaboni inajijenga mpaka mzunguko wa injini unayumba gari ikiwa imesimama, na gari inakosa nguvu. Kuisafisha ni lazima manifoldi (njia ya kuingiza hewa kwenye injini) ivuliwe. Pampu yake ya presha kubwa ni ghali, na ikivuja kwa ndani petroli inashuka kwenye oili. Vuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili): oili ikiwa imepita alama ya juu na inanuka petroli, shukuru muuzaji, ondoka.

Fit ni gari nzuri, ila ina mambo mawili ambayo wengi hawayajui. Ile yenye injini ya i-DSI ina plagi 8, mbili kwa kila silinda. Nne za mbele ziko wazi. Nne za nyuma zinadai kuvua plastiki ya chini ya waipa, kwa hiyo mafundi wengi wanabadili za mbele na kufunga boneti. Ukiambiwa "plagi mpya", uliza ngapi. La pili ni CVT. Toleo hilo linataka oili yake maalumu ya Honda (HMMF). Ikiwekwa ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za otomatiki), klachi ya kuondokea inaanza kushika vibaya na gari inatetemeka ikiondoka, hasa mlimani. Wakati mwingine kumwaga na kuweka oili sahihi kunatibu. Mtetemo ukibaki baada ya kurudia mara mbili, ujue unaenda kutengeneza giaboksi.

Vitz 1.0 (1SZ-FE) ni rahisi kwa maana halisi: petroli inanyunyizwa kwa njia ya kawaida, giaboksi ni otomatiki ya hatua 4, na inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Mkanda hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi, cheni haina ratiba hiyo. Ila cheni inaishi kwa oili safi. Ukiwasha asubuhi ukasikia mkwaruzo wa chuma sekunde kadhaa upande wa cheni, oili imekuwa ikicheleweshwa. Mlima ukiwa na abiria utaihisi, injini ni ndogo. Ukipata ya 1.3 (2NZ-FE) yenye hali nzuri kwa bei hiyohiyo, ruka 1.0.

Bolijoint
Nakubali kuhusu Avensis, lakini Fit iliyotunzwa inaishinda Vitz iliyochoka. Unanunua gari moja, hununui jina. Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike, maana injini iliyokwisha pata moto inaficha mengi.

Ikiwa bado ya baridi (ikiwa ya moto usiguse, itakuunguza), fungua kifuniko cha rejeta. Unataka kulanti (maji ya kupozea injini) yenye rangi safi. Maji ya kutu au utando wa oili ni gasketi au miaka ya uzembe. Chini ya kifuniko cha oili usikute ute kama maziwa. Kisha fungua switchi bila kupiga stati: taa ya cheki injini lazima iwake, na izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, mtu ameiziba. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito unaoendelea hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mvuke mwepesi wa asubuhi usikutishe.

Ukipima kwa mashine usitazame makosa tu. Tazama pia kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Mengi yakionyesha bado, huenda makosa yamefutwa muda si mrefu kabla hujafika.

Barabarani, kata usukani hadi mwisho kila upande ukiondoka polepole: tak-tak-tak ni sivijointi (jointi ya ekseli inayozungusha tairi) iliyokwisha. Otomatiki ukiitoa N kwenda D huku umekanyaga breki, ishike ndani ya sekunde moja au mbili bila kupiga teke. Tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi nne zilizokwisha umri ni sehemu ya bei, zitoe kwenye maongezi.

Odometa (namba ya kilomita kwenye dashibodi) usiipe uzito sana. Mpira wa pedeli ya breki na usukani uliolika havirudishwi nyuma kirahisi.

Mtembezi_07
Asanteni sana. Muuzaji wa Vitz anasema imepita kilomita 150,000 na oili ya gia haijawahi kuguswa. Nikiichukua nibadilishe yote?

SpanaNo14
Dondosha kwanza oili hiyo kidogo kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyeusi, inanuka kuungua na gari inateleza kati ya gia, oili mpya haitaokoa sahani za klachi za giaboksi zilizokwisha. Usinunue.

Ikiwa ya kahawia lakini inabadili vizuri, usikubali kusukumwa yote kwa mashine, inaweza kung'oa uchafu uliotulia ukazibe njia. Fungua nati ya chini, pima kilichotoka, rudisha kiasi kilekile cha aina iliyoandikwa kwenye dipstiki ya gia, na upime tena ikiwa ya moto. Rudia baada ya kilomita elfu kadhaa.

Bolijoint
Na usimalize pesa zote kwenye kununua. Bakiza ya oili na filta, filta ya hewa, plagi, kulanti na oili ya breki. Baada ya hapo jaza tanki mpaka pampu ijikate, weka tripu sifuri, tembea kilomita 300, jaza tena vilevile na ugawanye kilomita kwa lita. Ikiwa chini sana ya 15 kwa Vitz, na umetembea zaidi nje ya foleni, gusa rimu baada ya safari: moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake haiachii.