Short 827 ya Ziwa Tanganyika: nianze na boksi la Swordfish au nijenge yote kwa mkono?

Mwana_Ujiji
Wakuu, habari za jioni. Mwaka jana nilimaliza modeli ya meli yetu ya Liemba kwa bati la makopo na mbao. Skeli 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli, imetoka karibu mita moja. Sasa nataka kuiwekea ndege iliyoiwinda: Short 827, ndege ya maji ambayo Wabelgiji walikuwa wanairusha kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Juni 1916 walikuja kuangusha mabomu hapa bandarini, meli ikiwa bado inaitwa Graf von Götzen. Mwezi uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Watoto wa mtaani kwetu wote wanaijua Liemba, lakini sijapata hata mmoja aliyesikia kwamba mwaka ule ndege zilipita juu ya Kigoma. Inaniuma, nataka waione.

Kwa wasioifahamu: ina mabawa ya ghorofa, la juu refu kuliko la chini. Watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, wanakaa wazi bila paa. Injini ni Sunbeam ya nguvu za farasi 150. Chini ina maboya mawili makubwa, jingine chini ya mkia, na madogo chini ya ncha za mabawa. Upana mita 16.43, urefu mita 10.74.

Nimekwama kwenye njia tatu. Ya kwanza, ndugu yangu wa Dar aniagizie boksi la Airfix (vipande vya plastiki vya kuunganisha) la ndege nyingine ya zamani, Fairey Swordfish ya maboya, 1/72, niikatekate mpaka ifanane. Ya pili, nijenge kila kitu mwenyewe kwa 1/72. Ya tatu, nijenge mwenyewe kwa 1/48 nipate nafasi ya kuonyesha vitu vidogo. Mchoro wa pande tatu ninao. Mnashaurije?

BoksiKwanza
Mkuu, chukua Swordfish. Urefu wa mwili unakaribiana sana, mita 10.87 kwa 10.74, kwenye 1/72 tofauti haifiki hata milimita mbili. Maboya unayakuta yametengenezwa, nguzo za mabawa zipo, viti vipo. Mimi nimebadilisha boksi tatu kwa mtindo huo na kila moja imenichukua wiki chache tu. Kujenga kutoka sifuri kunachosha, wengi wanaishia kuiacha kabatini haina mkia.

Fundi_Isevya
Salaam kutoka Tabora. BoksiKwanza umesema urefu, hujasema upana. Swordfish ina mita 13.87. Kwa 1/72 ni sentimita 19.3, na Short inatakiwa 22.8. Sentimita tatu na nusu utazitoa wapi? Ukiunga bawa katikati unakuwa na kovu, na mbavu hazilingani tena, kwa hiyo mabawa utayatengeneza upya tu. Pua nayo: Swordfish ina Pegasus, injini ya duara, wakati Sunbeam ni silinda nane zilizopangwa kama V. Pua yote inatupwa. Maboya ya Swordfish ni ya bati, mgongo umeviringika. Ya Short ni masanduku ya mbao, bapa. Hayo nayo yanatupwa. Swordfish iliruka mara ya kwanza 1934, Short ni ya 1914. Hapo katikati kuna miaka ishirini ya ufundi wa ndege, na jicho linaiona hata kama mtu hajui kuitaja.

Mimi nasema mbao, na 1/48. Upana sentimita 34, unashika kitu. Rafadha chonga kwa mninga na mbao nyeupe: bandika vipande vyembamba kimoja juu ya kingine, mwekundu, mweupe, mwekundu, kisha chonga. Rafadha za zamani ziliundwa hivyo kwa matabaka, na ukishapiga msasa mistari inatokea yenyewe pembeni ya panga. Kila nikifikia hapo huwa naacha kazi kidogo niiangalie.

(Wabelgiji hao hao walifika huku kwetu Septemba 1916. Kwa hiyo ndege hiyo ni yetu sote wa reli ya kati.)

BoksiKwanza
Kwa maboya na pua nimekuelewa, fundi. Sikuwa nimeweka michoro miwili pamoja.

Mwana_Ujiji
Fundi, asante sana. Ila 1/48 ina tatizo moja. Liemba yangu ni 1/72. Nikiweka pembeni yake ndege ya 1/48, mtoto ataona ndege iliyozidi kipimo kwa nusu nzima, na nitakuwa nimemfundisha uongo.

Fundi_Isevya
Hapo umenishinda. Basi 1/72, lakini mabawa usifanye kwa mbao. Ukingo wa nyuma wa bawa utakuwa mnene, kwa sababu mbao ukiisaga mpaka iwe kama karatasi inapasuka. Tafuta plastiki nyembamba.

SaluniMwanga
Kaka, mimi si mtu wa modeli, namsaidia mdogo wangu. Sijaona mtu anaongelea nyaya, na ndege hizi bila nyaya si ndege. Acheni uzi wa cherehani, una manyoya, ukiupaka rangi unaonekana kamba ya kufungia mbuzi. Tumieni nywele za rasta. Waya wa kweli wa milimita nne ukiugawa kwa 72 unabaki chini ya milimita 0.06, na unywele mmoja wa rasta uko humo humo au unazidi kidogo sana.

Fanya hivi. Toboa tundu kwa sindano kwenye bawa la chini, pitisha unywele, weka tone la supagluu kwa ncha ya sindano nyingine. Ukikauka, uvute mpaka juu, uushike kwa gundi hapo. Utalegea kidogo, usijali. Washa udi, uupulize mpaka ubaki ule moto mwekundu tu, upitishe karibu na unywele bila kuugusa. Rasta ikipata joto inasinyaa. Unauona unatetemeka, halafu unanyooka kama umepigwa rula. Ukigusa tu, umekatika, unaanza upya.

Mwana_Ujiji
Dada, hili sikuwahi kulisikia popote. Kesho nakuja Mwanga kununua fungu moja.

Mstaafu_Karakana
Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote. Nyaya zina mpangilio, msizichore tu kama msalaba. Zile zinazotoka chini karibu na mwili kwenda juu kwa nje ndizo zinabeba ndege ikiwa angani. Zile zinazotoka juu kwa ndani kwenda chini kwa nje zinashikilia mabawa yasianguke ikiwa imetulia. Halafu bawa la juu limezidi la chini, ile sehemu iliyozidi haina nguzo chini yake, nayo inataka waya wake. Mwana_Ujiji angalia mchoro wako vizuri hapo.

La pili. Usisimamishe mabawa kwa macho. Kata boksi gumu la karatasi utengeneze jigi, yaani kishikizo cha kuweka vipande sawa wakati wa kuunga, bawa la chini lilale ndani, la juu likae juu ya kuta zilizokatwa kwa kimo kimoja. Nguzo ndiyo zinaingia mwisho. Ukianza na nguzo, kila moja itavuta upande wake.

Mwana_Ujiji
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, na nimeshaamua: najenga yote mwenyewe, 1/72. Boksi nimemwambia ndugu yangu aache.

*(baada ya wiki tatu)*

Wakuu, taarifa. Mabawa nimeyakata kwenye mabaki ya plastiki nyeupe kwa mchora mabango. Ili yapate mgongo nilifunga kila moja kwenye chupa ya soda nikamwagia maji ya moto. La kwanza nilimwagia yakiwa yanatokota, likajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, nikalitupa. La pili niliyaacha maji yapoe kidogo, likakubali. Mbavu nimezitia kwa kubandika nyuzi nyembamba na kufunika kwa karatasi laini, halafu rangi ya krimu yenye tone la kahawia, ikae kama kitani kilichopakwa vanishi.

Nguzo ni vijiti vya mishikaki, nimevikwangua kwa kiwembe mpaka mbele viwe butu na nyuma vikali. Jigi ya mzee imefanya kazi, mabawa yako sawa pande zote. Maboya ni mbao ya paini, bapa kama fundi alivyosema, na rafadha ni mninga kwa matabaka matatu. Nyaya nimeweka upande wa kushoto wote, nimekata nne kwa udi. Upande wa kulia naanza Jumamosi.

Jana mtoto wa jirani aliingia akaiona karibu na Liemba. Akaniuliza ilitua wapi. Nikamwonyesha ziwa dirishani.

SaluniMwanga
Kaka, upande wa kulia shika udi kwa mkono wa kushoto. Na utuwekee picha.