Fakitire ya hoteli Lubumbashi: TVA (kodi ya ongezeko la thamani) juu ya bei tuliyopatana, na depozi haionekani

Mgeni_wa_Kolwezi
Yambo bandugu. Niko hotelini Lubumbashi, natoka kesho saa nne asubuhi. Kwa WhatsApp walithibitisha dola 60 kwa usiku, "yote ndani". Fakitire ya muda inasema: chumba usiku 4, 240, TVA 16%, 38.40, jenereta 20, kufua nguo 12, minibari 8. Jumla 318.40. Depozi ya 100 niliyotoa taslimu haimo. Maji ya moto yalikosekana usiku mbili, na jenereta inazimwa saa nne usiku. Nipinge nini?

Mhasibu_Kampemba
Anza na TVA. Bei ikiwa TTC, yaani "yote ndani", kodi imo tayari: 240 gawa kwa 1.16, unapata 206.90 bila kodi na 33.10 ya TVA. Kuweka 38.40 juu yake ni kutoza kodi mara mbili. Ujumbe wa WhatsApp ungesema HT, yaani bila kodi, wangekuwa na haki, kwa hiyo upige picha sasa hivi, unaweza kufutwa. Kisha dai fakitire normalize, ile rasmi ya kodi, yenye QR na namba ya kodi ya hoteli. Asiyeandikishwa kwenye TVA hana ruhusa ya kuitoza.

Mama_Resepsioni
Depozi mara nyingi haijaibiwa. Wa zamu ya usiku anaiandika kwenye buku la risiti, haiingizi kwenye akaunti ya chumba. Wa asubuhi anafungua kompyuta, haoni kitu. Mwonyeshe namba ya risiti yako, afungue buku lenyewe. Nenda leo jioni: asubuhi kuna foleni, meneja hajafika, na mtu wa resepsioni hawezi kufuta mstari peke yake, hata umgombeze.
Jenereta imo katika "yote ndani". Wakibisha, walinzi wana daftari la saa za kuwasha na kuzima, kwa hesabu ya mazuti (dizeli). Omba lisomwe.

Kijana_wa_Katuba
Asilipe hata faranga mpaka warekebishe!

Mhasibu_Kampemba
Hapana, kaka, watamzuia mlangoni na mizigo yake. Alipe kisichobishaniwa: 240 + 12 − 100 = 152, na 8 za minibari kama kweli alikunywa. Nguo, aangalie kama saini yake iko kwenye kikaratasi. Wakikaza, alipe yote ila aandike kwa mkono kwenye nakala zote mbili: "Nimelipa bila kukubali TVA na jenereta", tarehe, saini. Pasipoti wala kadi ya mpiga kura asiache rehani.

Mbadilishaji_Kenya
Lipa kwa dola. Wakigeuza kwa faranga kwa bei yao, tofauti ya faranga 100 tu kwa dola, kwenye 152 ni faranga 15,200. Noti ziwe safi, mpasuko mdogo tu zinakataliwa. Chenji utapewa kwa faranga, hapo pia uliza bei. Kwa Airtel Money au M-Pesa, jina linalotokea liwe la hoteli, lisiwe la mfanyakazi.

Mgeni_wa_Kolwezi
Aksanti. Na maji ya moto?

Mama_Resepsioni
Lalamiko lako liliandikwa kwenye daftari la matatizo? Kama bado, waliandike leo, la sivyo kesho watasema hukulalamika. Halafu taja namba, mfano dola 15 kwa kila usiku ulioharibika. Ukisema "nipunguzie kidogo" utapewa chupa ya maji. Yote kabla fakitire normalize haijatoka. Ikishatoka, kuirekebisha kunataka hati nyingine, na meneja atakuambia upite wiki ijayo.