Ushindi 101 wa Boeheim uliofutwa: tuuhesabu au tuuache?

MzeeWaZoni: Wakuu, kocha Jim Boeheim kaifundisha timu ya kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, misimu 47, kuanzia 1976 hadi 2023. Uwanjani kashinda mechi 1,116. Kwenye daftari la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ni 1,015. Hizo 101 zilifutwa Machi 2015 baada ya uchunguzi kukuta wachezaji waliosaidiwa kazi za darasani kinyume cha kanuni, malipo yasiyoruhusiwa, na chuo kutofuata sera yake chenyewe ya kupima dawa za kulevya. Mimi nazihesabu zote. Mechi ilichezwa, kikapu kiliingia.

KalamuNyekundu: Mkuu, kwanza tuelewane kufuta ni nini. Mchezaji asiyestahili akiingia uwanjani, mechi nzima imeshachafuka. Ushindi unaondolewa, ila vipigo vya msimu huohuo vinabaki vilevile, na aliyefungwa hapewi chochote. Ndiyo maana adhabu hii inauma kwenye karatasi tu. Iliyouma kweli ni nafasi za ufadhili wa masomo kwa wachezaji: zilikatwa 12 kwa miaka minne, rufaa ikazishusha hadi 8. Timu iliyokuwa na nafasi 13 ilibaki na 11 kila mwaka. Wawili wakiumia, hata mazoezi ya watano kwa watano yanayumba. Na kocha mwenyewe alifungiwa mechi 9. Kocha mkuu anawajibika kwa yanayotokea chini yake, hata asipoyajua.

GadiWaJuu: Mnabishania daftari wakati kazi yake ni ile zoni ya 2-3, ulinzi ambao kila mchezaji analinda eneo, si mtu. Gadi wawili juu, fowadi wawili pembeni, senta chini ya kikapu. Mpira ukienda pembeni juu, fowadi anatoka kuzuia shuti, anamshikilia mwenye mpira mpaka gadi afike, kisha anakimbilia kona yake. Gadi akichelewa nusu sekunde, kona iko wazi na hiyo ni pointi tatu. Ugonjwa mwingine ni katikati, kwenye mstari wa mitupo huru: mpira ukitua pale, senta analazimika kupanda, na nyuma yake kikapu hakina mwenyewe. Halafu ribaundi, yaani kudaka mpira baada ya shuti kukosa, maana kwenye zoni hakuna mtu uliyepangiwa kumzuia kwa mgongo. Dawa ya Boeheim ilikuwa kusajili mikono mirefu. Tazameni fainali ya ubingwa wa vyuo ya 2003: Michael Lee wa Kansas yuko kona, peke yake, anainua shuti la kusawazisha. Hakim Warrick anatokea chini ya kikapu, hatua chache tu, mkono umenyooka, mpira unaruka nje. Syracuse 81, Kansas 78.

KalamuNyekundu: Kansas hao walitia mitupo huru 12 kati ya 30. Tusiipe zoni sifa zote. Na hilo ndilo kombe lake pekee katika misimu 47.

GadiWaJuu: Mitupo huru haikumziba Lee.

MzeeWaZoni: Kwa wabongo: ile mechi ya Machi 2009, vipindi sita vya nyongeza, Syracuse 127-117 dhidi ya Connecticut ya Mtanzania Hasheem Thabeet, imesalimika. Msimu wa 2008-09 haumo kwenye iliyofutwa.

RibaundiTu: Mbona mnagombana bure? Kwa 1,116 au 1,015, kwa makocha wa wanaume wa daraja la kwanza la vyuo bado ni wa pili nyuma ya Mike Krzyzewski wa Duke mwenye 1,202. Nafasi haibadiliki.

KalamuNyekundu: Inabadilika kwa wengine, mkuu. Mkihesabu za Boeheim, hesabuni na 123 zilizofutwa za Louisville chini ya kocha Rick Pitino, pamoja na ubingwa wa 2013 uliofutwa 2018. Hapo mtasemaje?

MzeeWaZoni: Naihesabu. Louisville 82, Michigan 76. Michigan hawakupewa kombe. Sasa niambie wewe, nani alishinda ile fainali?